Bati la Sahare: hesabu ya chuma toka mgodini mpaka kwenye mizani ya skrepa

Paa la banda la kina mama wakaanga samaki kule Sahare, Tanga, lilianza kuvuja mwaka wa nne, mwaka wa sita likawa chujio. Ukisimama ndani saa nne asubuhi jua linashuka vijitundu vijitundu kwenye sakafu, mvua ikinyesha ndo usiseme, maji yanaingia kwenye karai la mafuta ya moto na hapo mtu anaungua kweli. Shangazi yangu anakaanga pale miaka mingi, ndo maana kikundi kilipoanza kuchanga hela za paa jipya akanipigia akasema, "Mwanangu, wewe si umesomea haya mambo ya mazingira, njoo utuambie tununue bati gani." Nikaenda. Nataka nieleze kisa chote hesabu zilivyokwenda, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu naona watu wengi wa huku pwani wananunua bati kwa kuangalia bei ya dukani tu, na wale wanaojali mazingira nao wanaangalia kilo za kiwandani tu, wote wanaacha kitu kikubwa katikati.

Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza kurudia bati lilelile jembamba la migongo midogo, maana bei yake inabebeka. La pili bati nene, milimita 0.4, lenye mpako wa aluminiamu na zinki, lile watu wanaita aluzinki, bei karibu mara mbili. La tatu makuti, na hili alilitoa mzee mmoja mvuvi, akasema enzi zao banda lilikuwa la makuti na watu waliishi. Kwa kaboni peke yake, ya'ni hewa ya ukaa inayotoka wakati wa kutengeneza kitu, mzee alikuwa na hoja, makuti ni majani ya mnazi, hayapiti tanuru lolote. Lakini chini ya paa lile kuna majiko ya kuni manane yanawaka kwa pamoja, cheche moja tu imekwisha.

Hapo ndo somo la kwanza la kazi hii lilipo. Tathmini ya maisha yote ya bidhaa, ya'ni kuhesabu madhara yake toka malighafi mpaka inapoishia, ina utaratibu wake unaojulikana, viwango vya ISO (shirika la kimataifa la viwango) namba 14040 na 14044 vya mwaka 2006, na kitu cha kwanza wanachokudai sio kilo wala kaboni, wanakudai useme kazi unayolinganisha ni ipi. Hulinganishi bati na kuti, unalinganisha kazi na kazi. Sisi tukaandika kwenye daftari la kikundi: kufunika banda hili kwa miaka 30 bila kuvuja na bila kushika moto huku watu wanakaanga chini yake. Ukishaandika hivyo makuti yanatoka yenyewe bila ugomvi na mzee wa watu, na bati jembamba nalo linaanza kujibu maswali ambayo muuzaji hakuulizwa.

Sasa tuanze kwenye jiwe. Chuma mgodini hakikai kama chuma, kinakaa kimeshikana na oksijeni, na ile rangi nyekundu ya jiwe la chuma ni ukoo mmoja kabisa na kutu ya kwenye bati lako. Kazi ya tanuru ni kuing'oa hiyo oksijeni. Wanachukua makaa ya mawe, wanayaoka bila hewa kwenye nyuzi joto elfu moja na zaidi yanakuwa koki, wanayaweka tanuruni na jiwe la chuma na chokaa, wanapuliza hewa ya moto, kaboni ya koki inaibeba oksijeni ya jiwe inatoka nayo kama hewa ya ukaa. Kwa hiyo hewa ya ukaa pale sio moshi wa kupashia joto tu kama wa jiko la mkaa, ni sehemu ya kazi yenyewe, ukitengeneza chuma kwa njia hiyo lazima itoke. Tani moja ya chuma cha njia hii inakula karibu tani moja na nusu ya jiwe la chuma na kilo 700 na kitu za makaa, na inatoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa. Dunia inazalisha karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka na kiasi cha asilimia 70 ni kwa njia hii. Iliyobaki kubwa ni ya tanuru la umeme.

Tanuru la umeme linayeyusha skrepa. Pale hakuna oksijeni ya kung'oa, ilishang'olewa zamani, kwa hiyo unalipia joto tu, na umeme ukiwa safi hewa ya ukaa inashuka mpaka robo hivi au chini ya hapo. Nondo nyingi zinazotengenezwa hapa nchini ni za njia hii, skrepa na umeme, na sisi wa Tanga tuna Hale na Pangani zinazotoa umeme wa maji, sasa na Bwawa la Nyerere kule Rufiji limeingia, megawati 2,115. Nondo yako ina historia nyepesi kuliko unavyofikiri. Bati ni habari nyingine. Koili za bati, yale bati marefu yaliyoviringishwa kabla ya kukatwa, zinatoka nje, sana sana China na India, na China karibu asilimia 90 ya chuma chake ni cha tanuru la makaa. Hata pale kwenye kikao wengine walidhani nondo na bati ni kitu kimoja kwa kuwa vyote ni chuma. Hapana. Kwa bati nikachukua kadirio la kilo 2.7 za hewa ya ukaa kwa kila kilo moja ya bati lililokwisha pakwa zinki, toka mgodini mpaka getini kwa kiwanda.

Sasa nikahitaji kilo. Hapa tulipata bahati, kulikuwa na bati moja lilibaki tangu ujenzi wa kwanza, halikuwahi kupanda juu, limekaa stoo nyuma ya magunia ya chumvi, la mita tatu. Tukaliviringisha tukalining'iniza kwenye mzani wa samaki: kilo 5.3. Risiti yake ya duka moja mjini iliandikwa milimita 0.3. Piga hesabu uone. Bati hilo kabla ya kukunjwa migongo lina upana wa mita 0.9, mara tatu ni mita za mraba 2.7, na chuma chenye unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Bati la 0.3 lingekuwa na kilo 6.4. Kilo 5.3 ni 0.25. Kina mama walinyamaza, mmoja akasema taratibu, "Kumbe tuliibiwa kilo moja kila bati." Na banda zima ni mabati 60. Iliniuma sana, hela ile walichanga mia tano mia tano. Nawaomba wadau mkienda kununua bati bebeni mzani, hesabu ni ileile, uzito gawa kwa urefu, gawa kwa upana wa bati lililonyooshwa, gawa kwa 7.85, unapata milimita.

Alafu tukashusha mabati kumi yaliyooza tukayapima pamoja, kilo 37. Ya'ni kila moja lilikuwa limebaki na kilo 3.7, limepoteza kilo 1.6, na hapo kutu yenyewe bado imeng'ang'ania. Nililishika moja upande wa chini, ule unaotazama majiko, likawa linabanduka magamba mekundu kama magamba ya samaki mkavu, ukibonyeza na kidole gumba kinatokea upande wa pili. Upande wa juu palepale rangi ya zinki ilikuwa bado inaonekana kwa mbali! Nilidhani mvua ndo adui, kumbe mvua inaosha chumvi. Chini ya paa hakuna anayeosha, upepo wa bahari unaleta marasharasha ya chumvi yanakaa pale, mvuke wa jikoni unaiweka mbichi usiku na mchana, bati linaliwa kutoka chini. Yaliyooza zaidi ni ya ukingoni upande wa bahari, chini ya upenu, pale pale mvua isipofika.

Hapo ndo nikaliona jambo lote kwa mara moja. Kule mbali watu wamechoma makaa ya mawe kung'oa oksijeni kwenye jiwe, huku Sahare bahari inairudisha oksijeni ileile, kwa miaka sita bati limerudi kuwa jiwe jekundu. Hewa ya ukaa iliyotoka kule haijarudi. Imebaki angani na paa hatuna. Sisi Tanga wanatusema waja leo waondoka leo, lile bati ndo lilikuwa hivyo.

Kwa nini miaka sita tu? Sababu ni mpako. Bati jembamba la bei ya chini mara nyingi lina zinki ya gramu 100 hivi kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, hiyo ni unene wa mikroni 7 kila upande (mikroni elfu moja ndo milimita moja). Karibu na bahari zinki inaliwa mikroni mbili mpaka nne kwa mwaka, na ufukweni kabisa zaidi. Gawanya mwenyewe. Miaka miwili mitatu mpako wa upande wa chini umekwisha, kilichobaki ni chuma kitupu cha robo milimita. Ule mpako wa aluminiamu na zinki wa gramu 150 ni kama mikroni 20 kila upande, na unaliwa polepole kuliko zinki peke yake.

Basi nikakaa na eksel yangu usiku, asubuhi nikaja na majibu. Bati jembamba: mabati 60 kwa kilo 5.3 ni kilo 318, mara 2.7 ni kama kilo 860 za hewa ya ukaa. Bati nene: kilo 8.5 kila moja, jumla kilo 510, ni kilo 1,380 hivi. Ukiishia hapo, na watu wengi wanaishia hapo, jembamba limeshinda kwa mbali. Lakini jembamba linakaa miaka sita, kwa miaka 30 unaezeka mara tano, chuma kilo 1,590 na hewa ya ukaa kama kilo 4,300. Nene nikaandika miaka 20, nikatoa hata na punguzo la skrepa mwishoni, ikatoka namba nzuri sana. Nikafurahi.

Fundi wa kikundi, mtu mzima, ameezeka nusu ya Chumbageni, akanisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu: "Hiyo miaka 20 umeitoa wapi, mwanangu?" Nikasema kwa muuzaji. Akasema muuzaji anakaa mjini kwenye kivuli, twende nikuonyeshe. Akanipeleka kwenye stoo moja si mbali na maji, bati nene la mpako uleule, ameliezeka mwenyewe miaka 11 iliyopita. Juu safi. Kwenye matundu ya skrubu kutu imeanza, na pale walipokata na grinda kingo zote zimeshaliwa, cheche za grinda zinaunguza mpako na vumbi la moto linaganda juu ya bati linaanzisha kutu. Akakadiria miaka 15 kwa banda letu, na hapo kama tukikata kwa mkasi wa bati. Nikafuta 20 nikaandika 15.

Na nilikuwa nimekosea mengine mawili. Nilisahau aluminiamu ya kwenye mpako. Ni kidogo, lakini aluminiamu mpya ni mzigo, kama kilo 15 za hewa ya ukaa kwa kilo moja kwa wastani wa dunia. Mabati 60 yana kama kilo 13 na nusu za aluminiamu kwenye mpako, hiyo ni kilo 200 za hewa ya ukaa za kuongeza, bati nene likapanda mpaka karibu 1,580. Kosa la pili ndo baya zaidi na nimeliona hata kwenye ripoti za watu wakubwa. Ango za kenchi, vile vyuma vya pembe vya kushikilia paa, tulizokuwa tunanunua ni za skrepa, nikazihesabu kwa namba ndogo kwa kuwa zimetokana na skrepa. Sawa. Alafu mabati ya zamani tukayapeleka skrepa, nikajipunguzia tena, kwa sababu kila tani ya skrepa inayoyeyushwa inaokoa kama tani moja na nusu ya hewa ya ukaa. Faida ya skrepa nimeichukua ikiingia na nimeichukua ikitoka. Shangazi nilipomweleza akasema hiyo ni kumuuza samaki mmoja asubuhi na kumuuza tena jioni. Ndo hivyo hasa, unachagua upande mmoja. Nikafuta punguzo la mwishoni kote.

Namba za mwisho basi: nene kwa miaka 15 unaezeka mara mbili, kama kilo 3,160, dhidi ya 4,300 za jembamba. Bado linashinda, ila sio kwa ule ushindi wangu wa jana usiku. Na swali lililokuwa na maana zaidi kwa kikundi halikuwa 15 au 20, lilikuwa hili, bati nene linatakiwa likae miaka mingapi ndo lianze kulipa? Kilo 860 gawa kwa miaka sita ni 143 kwa mwaka, 1,580 gawa kwa 143 ni miaka 11. Ile stoo tuliyoiona ina miaka 11 na haijavuja. Fundi akasema hapo sasa tunaongea.

Mwenyekiti wa kikundi aliuliza kuhusu meli, akasema chuma chenyewe kinatoka China, si mafuta ya meli ndo yanaharibu kila kitu? Swali la maana, na nadhani wengi wanaamini hivyo. Meli ya mizigo inatoa kama gramu 10 kwa tani kwa kilomita, kilomita elfu kumi ni kilo 100 kwa tani, sisi tuna nusu tani, kwa hiyo kilo 50. Lori toka Dar mpaka Tanga kilomita 350 hivi, kilo 18. Jumla kilo 70 kati ya zaidi ya 1,500. Tanuru ndo kila kitu, safari ni kama chumvi ya kuonjea.

Mambo mengine sikuyatia kwenye eksel lakini nayasema. Kaboni sio yote. Mwezi Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma lilipasuka Brumadinho, Brazil, watu 270 wakafa, na hakuna safu ya kilo inayobeba hilo. Kuna vumbi na moshi wa sumu wa matanuru ya koki kwa wanaokaa jirani. Kuna zinki yetu wenyewe inayooshwa inaingia kwenye maji ya Sahare pale vifaranga vya samaki vinapokulia, na zinki ikizidi ni sumu kwa viumbe vya majini, kwa hiyo kila paa linaloyeyuka kwa miaka sita linaacha kitu kwenye maji tunayovua. Na ukisikia habari za Liganga kule Ludewa, chuma chetu na makaa ya Mchuchuma jirani yake, natamani siku wakianza kazi mtu awepo mezani wa kuuliza hesabu hii kabla tanuru halijachaguliwa, maana tanuru likishajengwa linakaa miaka mingi mno.

Uamuzi sasa. Hela ya mabati 60 mazito haikuwepo, ilitosha 38 tu. Nilikuwa nimejiandaa kuwashawishi wasubiri, lakini mvua za vuli zilikuwa karibu na karai haliwezi kusubiri. Fundi ndo alilitatua. Akapanda akagonga bati moja moja na kipini cha nyundo, linalolia vizuri anaweka alama ya chaki, linalolia butu anaacha. Yakapatikana 22 mazima, karibu yote ya upande wa nchi kavu, juu, jirani na kofia ya kileleni mwa paa. Hayo 22 yakashushwa, yakasuguliwa chini kwa brashi ya waya, yakapigwa rangi ya kuzuia kutu pande zote, yakarudi upande uleule wa nchi kavu. Mapya 38 yakachukua upande wote wa bahari na kumalizia pengo. Hewa ya ukaa ya manunuzi ni kama kilo 1,000 badala ya 1,580, na yale 22 tunayategemea miaka mitano zaidi, chuma ambacho kaboni yake ilishalipwa zamani.

Upenu wa upande wa bahari tumeufupisha, pale ndo kutu ilikuwa inazaliwa. Mabati yote yamekatwa kwa mkasi, grinda haikupanda juu. Skrubu zina mpira na zimepigwa kwenye mgongo wa bati, sio bondeni. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kijana mmoja wa kikundi anapitisha mpira wa maji ya bomba chini ya paa kuosha chumvi, dakika ishirini tu, kabla majiko hayajawashwa.

Mabati mabovu 38 yalikwenda skrepa, kilo 140. Jamaa wa skrepa alitaka kukata bei, akasema mabati ya kutu yanapungua sana tanuruni, na kwa hilo hakudanganya. Lile bati la stoo la kilo 5.3 hatukuliuza wala hatukuliezeka. Tumelipiga misumari miwili limening'inia chini ya upenu upande wa bahari, na jirani yake kipande cha bati jipya nacho kimepimwa, vyote vimeandikwa tarehe kwa kalamu ya rangi. Mwakani vuli tutavishusha tuvipime kwenye mzani wa samaki, na mwaka unaofuata tena, Shangazi ndo anatunza daftari.